Asubuhi Bila Mchi

Mjukuu wangu Komora,

Hapa kijijini Wema tu wazima. Maji yamerudi mtoni na shangazi yako anapanda mpunga. Umeniuliza kwa nini hapo Mombasa, katikati ya maghorofa, wamelihifadhi jengo la zamani la kukobolea mpunga, na halikoboi tena hata punje.

Nilipokuwa msichana, mama alitwanga mpunga mlangoni kila alfajiri. Mashine ya kukoboa ilipofika Minjila, akapeleka gunia zima huko. Asubuhi iliyofuata hatukutwanga. Kabla jua halijapanda, majirani wakaingia uani wamejitanda leso kama waendao matangani, wakauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani aliyetutoka?" Hawakuwa wameusikia mchi wetu.

Mama alicheka, kisha akauchukua mchi. Tangu siku hiyo alitwanga kiganja kimoja cha mpunga kila alfajiri, ingawa mchele tele ulikuwa ndani. Mlio ule nautamani hadi leo.

Basi liacheni jengo lisimame. Lakini wewe, huko ghorofani unakolala peke yako, jirani zako wanajuaje kwamba umeamka?

Nyanya yako