Beseni la Upande Wangu

Baba Lulu,

Chai iko kwenye chupa, maana umeondoka kwenda dukani bila kunywa. Mimi nimekwenda Igogwe kumwona dada Hasina na mtoto wake mchanga. Redio imesema leo kuanzia saa nane huku milimani tutapata upepo mkali na mvua ya radi. Ukirudi mchana, anua nguo, ingiza kuni, na ule mgomba wenye mkungu uuwekee mti wa kuuegemeza. Radi zikianza, chomoa tivii. Usibishe!

Utabiri wenyewe nimeusikia ukiwa umeshaondoka. Alfajiri uliponiamsha kwa nyundo juu ya bati, nilitoka na kanga yangu nikakuuliza, majirani wakisikia, kama unajenga safina ya Nuhu. Wakacheka. Wewe ukashuka ngazi, ukaenda zako dukani. Nilidhani unagongelea jikoni tu, pale upepo ulipong'oa bati mwaka jana.

Halafu nikaenda kutandika kitanda. Lile beseni la kukinga maji upande wangu halipo. Nikatazama juu: pale nilipozoea kuona mwanga, sasa kuna bati jipya. Misimu miwili ya mvua nimekusumbua kuhusu tundu lile, na kila siku ulisema kesho.

~~Usinisubiri kula.~~ Nisubiri. Nitapanda gari la saa sita ili nifike kabla ya ngurumo. Na inyeshe leo hii hii. Nataka kuisikia nikiwa nimelala upande wangu.

Abiria wa safina yako,
Mama Lulu