Haikatai Tena

Jumatatu, 3 Februari

Fundi Saa amerudi na printa yake. Nilimwona tangu akiwa ng'ambo ya barabara, ameikumbatia, kaifunika shuka kama mtoto mwenye homa. Miaka sabini na ushee, halafu anabeba mzigo ule ngazi zote hizi. Nikimwambia apige simu niende mimi, anasema simu yake haina chaji. Simu gani hiyo isiyochajiwa mwaka mzima?

Taa mbili nyekundu, zinapokezana. Ugonjwa ni uleule. Printa hizi za zamani zikijisafisha kichwa cha kuchapia, wino unaotoka unamwagwa kwenye sponji kule chini, tumboni. Na kuna kaunta inayohesabu. Ikifika mia — basi, printa inagoma. Hata kama sponji bado ina nafasi. Imehesabu, imechoka, haitaki mtu. Naielewa.

Nikachomeka waya, nikafungua programu kwenye ile laptop kuukuu. Ikauliza kama kawaida yake: kaunta irudi sifuri, au tisini? Tisini ni ya dharura, printa isukume siku chache tu kabla ya kugoma tena. Wapo mafundi mjini wanaowawekea watu tisini makusudi, ili mteja arudi haraka. Wezi! Mimi sifuri, siku zote. Kazi ina heshima yake.

Nikaitoa sponji, nikaiosha bombani mpaka maji yakatoka safi. Mikono yangu sasa ni ya mchawi. Yeye alikaa kwenye stuli akinieleza jinsi mafuta ya saa yanavyotiwa kwa ncha ya sindano. Alikuwa na duka la saa mpaka vidole vilipoanza kumtetemeka. Printa ni ya marehemu mkewe, mshonaji, aliyekuwa akichapia vipimo vya nguo. Hadithi hii nimeshaisikia. Sikumkatiza.

Jumanne, 4 Februari

Sponji imekauka dirishani. Amekuja kuchukua mali yake. Tukachapa ukurasa wa majaribio, ile mistari ya rangi nne. Akatoa lenzi yake ya kazi, akaibana jichoni, akakagua mstari mmoja mmoja. Akatangaza kwamba hakuna uliokatika. Karatasi akaikunja, akaitia mfukoni. Sijui anazipeleka wapi.

Tukanywa chai. Alipoondoka duka likawa kimya, nikawa nasikia feni tu.

Alhamisi, 13 Februari

Dada kapiga simu. Wimbo wake uleule: nifunge duka nihamie kwake, chumba cha nyuma kiko tupu tangu wanawe waondoke. Watu siku hizi printa ikigoma wananunua mpya. Hizo zako ni maiti, mdogo wangu, akasema, na wewe kazi yako kuosha maiti. Nikacheka kweli. Nilipokata simu nikakuta sicheki.

Hajakosea. Leo hakuna aliyefungua mlango huu isipokuwa mtu aliyepotea, anamtafuta daktari wa meno. Nikamwelekeza kwa maneno mengi kuliko alivyohitaji. Mpaka akaanza kurudi kinyumenyume.

Nyumbani napika chakula cha mtu mmoja, nakula nimesimama. Nina upweke. Haya, nimeandika. Hakuna atakayesoma.

Jumapili, 16 Februari

Nimemkubalia dada. Mwisho wa mwezi ujao, Jumamosi tarehe 29, atakuja na gari lake kubwa tubebe vyote. Alilia kwa furaha. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo, huku nakwangua wino kwenye kucha.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi Saa tena! Kwa kasi hii? Sponji niliyoiosha kwa mikono yangu, imelowa chapachapa.

Nikaona hapa kuna jambo. Nikaiambia programu inionyeshe kila kitu, siyo kaunta peke yake. Kurasa zilizochapwa: hakuna cha maana. Mara za kusafisha kichwa: msururu, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni. Nikamuuliza anachapa nini nyumbani. Akasema kalenda. Mwezi mmoja, ukurasa mmoja.

Nikamgeuzia skrini. Nikampa somo zima, mdomo wangu huu! Kwamba kila akibonyeza kusafisha, wino unakwenda moja kwa moja kwenye sponji. Kwamba anaiua printa ya mkewe kwa usafi. Alikuwa anaitazama kofia yake mkononi. Akasema saa isiyovaliwa nayo hutiwa ufunguo, isisahau kazi. Nikamjibu kwamba printa siyo saa.

Halafu nikaona nimwambie na hilo jingine, kwamba nafunga duka, nahamia kwa dada.

"Ni vizuri," akasema. "Damu nzito kuliko maji."

Nimeingiwa na huruma. Nikiondoka nani atamtazamia printa? Wale wa tisini? Lazima nimwachie kitu cha kudumu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya kazi ya kujivunia. Nimetoboa tundu nyuma ya printa, nikapitisha mrija, wino mchafu sasa unadondokea kwenye chupa nje. Chupa ikijaa, mtu anamwaga, mwisho wa habari. Na kaunta nimeizima kabisa, isihesabu tena. Modeli hii ya zamani inaruhusu, ukijua pa kugusa. Najua pa kugusa.

Nikamwambia Fundi Saa kwamba haitamgomea tena maishani. Hatahitaji fundi, mimi wala mwingine. Nilikuwa natabasamu hadi masikioni.

Akaitazama chupa. Akashukuru kwa adabu zake zote. Chai hakunywa. Ukurasa wa majaribio ulipotoka hakutoa lenzi, aliuacha palepale mezani.

Nimemkosea nini? Labda tundu limemuuma, ni kumbukumbu ya mkewe. Ningemwomba ruhusa kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Muuza miwani wa chumba jirani kanipa umbea. Jana nilipokwenda kutafuta maboksi, Fundi Saa alikuja. Hana mzigo, hana shuka. Akasimama mlangoni pangu palipofungwa, akachungulia kioo. Muuza miwani akamuuliza kama ameleta kitu amwekee. Akajibu kwamba hana kitu cha kutengeneza. Akashuka ngazi. Muuza miwani anacheka, anasema mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Nilicheka naye kidogo, kwa ajili ya ujirani.

Sasa nimekaa, na neno lile halitoki. Hana kitu cha kutengeneza.

Asubuhi na jioni. Kurasa hakuna.

Kumbe! Mtu aliyetengeneza saa maisha yake yote, hajui kaunta inavyokwenda? Anajua kuliko mimi. Alikuwa anaijaza sponji. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza, hadi zile taa ziwake apate sababu ya kupanda ngazi. Na mimi nikamfungia njia kwa mrija na chupa, na nikajisifu juu yake. Mjinga ni mimi. Mimi niliyekuwa namtazamia ng'ambo ya barabara kila nikisikia breki za basi.

Hilo nalo sikuwahi kuliandika. Basi limeandikwa.

Ijumaa, 28 Machi

Wiki nzima nimekuwa nikifunga kitu na kukifungua. Leo nikavaa viatu vya maana, nikaenda kwake. Aliwahi kunielekeza: nyuma ya stesheni, mlango wa kijani. Njiani nikatunga sababu. Nimekuja kukagua chupa.

Nikapiga hodi. Akafungua, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Hakuuliza nimefuata nini. Alisema tu karibu, Fundi, kama mtu aliyeachwa kwenye foleni na hatimaye ameitwa.

Sebule ndogo, safi. Saa ukutani tele, moja tu inatembea. Anasema zote zikitembea anasikia kelele. Kwenye meza, chini ya kioo, zimepangwa karatasi zangu za majaribio. Mistari ya rangi nne, ukurasa baada ya ukurasa, zimenyooshwa mikunjo. Nilijifanya sijaziona. Naye alijifanya hajaniona nikijifanya.

Printa iko kwenye kabati la cherehani. Chupa imejaa mpaka shingoni. Imefurika hata, kuna doa jeusi sakafuni alilojaribu kulisugua. Mtu huyu amekuwa akiisafisha siku zote hizi.

"Haikatai tena, Fundi," akasema. "Naisafisha, naisafisha, inakubali tu."

Nikainama kumwaga chupa ili asinione uso. Kisha nikasema mrija huu sikuufunga vizuri, kosa langu, ni lazima niichukue dukani niitazame upya. Alikuwa ameshatoa shuka. Akaifunika kwa uangalifu, pembe hadi pembe, akanibebea hadi mlangoni.

"Niifuate kesho?" akauliza.

Nikasema kesho. Nikatembea mitaa miwili mizima ndipo nikakumbuka kesho ni lini.

Jumamosi, 29 Machi

Dada alipiga simu alfajiri, yuko njiani. Nikamwambia salama, njoo. Sikumwambia zaidi. Nilikuja dukani mapema, maboksi nikayasogeza kando yanipishe.

Mrija nimeutoa. Tundu nimeliziba. Sponji kavu nimeirudisha tumboni. Kaunta nimeiwasha, ihesabu tena. Kazi ya asubuhi nzima kuharibu kazi yangu bora.

Honi chini. Ni ya dada, anapiga mara tatutatu tangu tukiwa wasichana, baba alipomwazima gari. Nimechungulia, ameegesha vibaya, anabishana na muuza miwani.

Waya umechomekwa. Programu inauliza kama kawaida yake: sifuri, au tisini?

Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kugusa hiyo ya pili. Niliwaita wezi. Sifuri ni heshima. Sifuri ni mwezi mzima, labda zaidi, na mwezi mzima mimi nitakuwa wapi?

Nimebonyeza tisini.

Printa imezima, imewaka, taa ya kijani. Ukurasa wa majaribio unatoka sasa hivi. Maboksi yako wazi, hayana kitu ndani. Dada anaita jina langu toka chini, na kwenye ngazi nasikia mtu anapanda polepole, anapumzika kila kituo — dada hapandi hivyo — na sijui nani atafika kwanza