Mamajusi Wako Karantini

Liezl weee, mama kamfungia Jomari stoo!!! Mpenzi wangu mimi, STOO!

Si unalijua lile pango la Krismasi analopambaga sebuleni? Mwaka huu Yosefu kavalishwa barakoa. Sanamu tatu za mamajusi kazipeleka stoo, eti hao wametoka nje ya nchi, wakae karantini siku kumi na nne!

Leo Jomari katokea getini kutoka Manila, kaja kuposa, kabeba paja zima la nguruwe. Mama akamwambia, "Wafalme wenye dhahabu wanasubiri, wewe na nyama yako nani?"

WEWE NA NYAMA YAKO NANI 😭😭

Jomari naye, "Basi mama, nilaze na wenzangu."

Si akamtandikia mkeka kweli! Posa mpaka Januari!

Kesho ntakumalizia, naitwa nipitishe chakula dirishani. Kapakua sahani nne, Liezl. NNE.