Kulishusha Jina la Mama

Juba,
Jumapili alasiri

Kwa dada yangu Nafula,

Natumaini magoti yako yanakuruhusu kufika kanisani, na kwamba mvua ya Myanga imeyakumbuka mahindi yako. Mimi ni mzima. Jua la huku halina adabu, lakini nakula, nalala, na nabishana na kila mtu kambini, kwa hiyo ujue sijabadilika. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Dereva wa lori anayepitia Lodwar ataiacha barua hii kwa Barasa pale Kitale, naye atakuletea.

Kazi yangu hapa ni kupaka namba kwenye malori ya kampuni ya ujenzi. Namba tu, Dada! Tangu nije sijaandika jina la mtu hata mmoja. Nikishika brashi, akili inakimbilia Chwele siku ya soko, mimi juu ya ngazi, nusu ya soko chini yangu ikinisahihisha. Kuna kijana wa bodaboda aliyetaka maneno kwenye ile raba ya kukinga matope nyuma ya baiskeli.

"Andika Mungu Yuko Mbele."

"Na mbona unamweka nyuma?"

"Mzee, si wale wa nyuma ndio watasoma?"

Nilishindwa. Ni mara chache nimeshindwa, na ile niliifurahia.

Halafu makampuni ya simu yakaja kupaka maduka rangi zao bure. Nilimkuta mwenye duka niliyemwandikia miaka yote akiutazama ukuta wake mpya huku akitabasamu. "Bure, bana! Wewe ungenipakia bure?" Nikamuuliza jina lake liko wapi. Akanionyesha kona ya chini, herufi ndogo kama mtu anayeomba ruhusa kuingia kwake mwenyewe. Huo si ukarimu. Ni kumnyang'anya mtu uso na kumvika kinyago, naye ashukuru. Nilisema hivyo kwa sauti, sokoni, na watu wakacheka. Mwaka uliofuata nilikuwa njiani kuja huku, na kibanda cha Kitale nikamwachia Barasa, mwenzangu wa kazi.

Sasa, barua yako. Umesema mtoto wa Nasambu halali wala haachi watu walale, kwamba nyanya wa jirani ameita majina ya marehemu wote wa pande zote mbili, akitafuta lile litakalomnyamazisha awe nalo, na mtoto bado analia. Limebaki la Mama peke yake, nawe umekataa liitwe. "Mjukuu wangu hatapewa jina lililotundikwa barabarani." Ni lawama ile ile uliyonitupia siku nilipoandika NANJALA MABANGO juu ya mlango wa kibanda. "Ati umemtundika Mama?" Nami nikakujibu, "Si umemwona amesimama wima?" Hukunisalimia hadi Krismasi.

Sisemi leo kwamba ulikuwa na haki. Mimi nilijifunza rangi kwa Mama, nikimshikia bakuli la udongo mweupe akichora ukuta wa nyumba kwa vidole, kila Desemba, na mvua ikafuta, naye akarudia bila kulalamika. Sina binti. Ningeliweka wapi jina lake, kama si pale nilipoweka mkono alionifundisha?

Lakini wiki ile ile barua yako ilipofika, Barasa alinipigia. Kuna bwana mwenye mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, anataka kununua.

"Anunue nini?" nikauliza. "Ngazi? Brashi?"

"Hapana, mzee. Brashi hataki. Anataka jina tu. Anasema kutoka Kitale mpaka Bungoma wanalijua."

Nilikaa kwenye gurudumu la lori, Dada. Nikaona NANJALA ikitoka kwenye mashine, mia kwa siku, bila mkono wa mtu. Nikamwambia Barasa amjibu hapana, kisha apande ngazi apake ubao rangi nyeupe. Alidhani nimelewa. "Na tutaitwaje?" Nikamwambia ajiandike jina lake, ana mkono mzuri.

Akanipigia tena juzi. Mkono wa kwanza wa rangi haukutosha, herufi zilibaki zikichungulia. Akapaka wa pili. "Imekuwa nyeupe kabisa, mzee. Watu wanauliza kama kuna msiba."

Nikamwambia awajibu kwamba kuna mtoto.

Basi jina halina tena kazi ya dukani. Mwambie yule nyanya aliite, polepole, karibu na sikio. Mtoto akinyamaza, mnitumie habari upesi. Akiendelea kulia, basi amenirithi mimi, mwacheni abishane.

Nisalimie Nasambu, na mumewe mwalimu anayeniogopa bure. Nisalimie shemeji, mwambie redio aliyoniazima bado ni yangu. Msalimie pia nyanya wa jirani.

Ni mimi mdogo wako, mpakaji wa namba,
Simiyu