Picha ya Baba Haina Ukuta

Jumapili, Langas

Na hata chai imenishinda, vile nimejaa kinyaa.

Leo nimeenda kwetu kijijini Ziwa kuona nyumba ambayo mdogo wangu Kevin amemjengea Mama. Ni pembetatu tupu! Mabati yanatoka kileleni yakiteremka mpaka kwenye nyasi. Ndani, kuta zote mbili zimelala, na mbele ni vioo vitupu. Kabati ya vyombo imebaki katikati ya sebule kama mgeni aliyekosa kiti. Picha ya marehemu Baba, ukiitundika, inaning'inia hewani ikiangalia sakafu.

"Si Mama atamwona kwa simu?" Kevin akasema.

Mama mwenyewe hakuwa humo. Nilimpata kwa jikoni yake ya zamani, ile ya udongo. Amehamishia kitanda huko, na Baba amenyooka ukutani juu ya mto.

"Huku ananiangalia," akaniambia.

Lakini si Kevin peke yake anayenichukiza. Alinitumia mchoro kabla ya kuanza, nami nikamjibu papo hapo: "Hiyo ni moto, bro! Jenga."

Mama hata sikumuuliza.