Kutoka Kitini hadi Getini

Kizwite, Sumbawanga
Juni, 2024

Mdogo wangu Stefania,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Mtowisa na joto lake? Mpunga mmevuna salama? Na magoti yako, bado yanakusumbua? Mimi sijambo, kwa kadiri mgonjwa wa mapafu anavyoweza kuwa hajambo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu pumzi huniishia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na Mathias mwanangu huwa amesimama pembeni.

Kutwa nzima nakaa kitini kando ya mashine ya oksijeni. Mpira wake wa puani unanifikisha mlangoni, basi. Bertilla, mke wa Mathias, hunitania kwamba nimefungwa kama mbuzi, ila mbuzi hasumbui watu kuulizia ugali wa ulezi. Nacheka, kisha nakohoa.

Jioni wanafunzi hupita barabarani wakifanya mazoezi. Unakumbuka nilifundisha baiolojia na michezo. Hata sasa nikisikia mtu anavyohema najua ni mkimbiaji wa namna gani. Kuna binti wa mtaa wa Kasense, wa mbio ndefu: anavuta hewa nyingi bila papara, kila hatua anailipia papo hapo. Kuna na kijana wa mita mia, mapaja kama magogo: anachomoka kabla hewa haijamfikia, halafu anashika geti letu akihema kama mvukuto, analipa deni lote.

Mwezi uliopita nilikutwa nimeanguka kwenye geti hilo, mashine imezimwa. Ndugu wakasema Bertilla aliizima makusudi akaenda zake shambani, nami nikajikokota nje kutafuta msaada. Mathias amemwambia afungashe. Jumapili baada ya misa mtakaa kikao, na wewe, shangazi yao, ndiye mwenye neno la mwisho.

Stefania, niliizima mimi. Kila Bertilla alipokwenda shambani nilivua mpira, nikazima mashine isile umeme wa luku bure, nikaenda kuwatazama wale watoto. Nilijifanya mkimbiaji wa mita mia: niende bila hewa, nirudi nilipe. Mwalimu mzima nikasahau kwamba mapafu ya mzee hayakopeshi.

Walipomtukana nilinyamaza. Niliogopa mtaniwekea mlinzi, na geti nisilione tena. Bertilla anajua. Aliuona mpira umening'inizwa kwenye msumari, kama ninavyouning'iniza mimi. Nilipomwuliza mbona hasemi, akajibu kwamba mfungwa hamchongei mfungwa mwenzake.

Barua hii isome kikaoni, kwa sauti. Wakitaka kulifunga geti, walifunge. Bertilla abaki na nyumba yake.

Nisalimie shemeji Isdori na wajukuu. Nimeandika nikipumzika kila mstari, usinicheke mwandiko. Jumapili ukifika usinitafute nje. Nitakupokea mlangoni, mpira unafika hapo.

Ni mimi kaka yako,
Flavian