Usije Kumchukua Perez

Nyumba za Reli, Makongeni,
Nairobi.
19 Agosti 1979

Mpendwa dada Norah,

Pokea salamu tele kutoka kwangu, kwa shemeji yako Andati, na kwa huyu mtoto wetu mwenye sauti ya tarumbeta. Je, kifua chako kimepoa? Na Mama, magoti yanamruhusu kwenda shambani? Huku baridi ya Julai imeanza kutuachilia, na sote tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Najua umekaa roho juu tangu upate barua yangu ya mwezi uliopita, ile niliyokuomba uje likizo hii umchukue Perez umlee wewe, kwa sababu kilio chake kilikuwa kimenishinda. Tafadhali keti kwanza. Nina habari njema, na utacheka.

Unazijua kuta za nyumba hizi. Jirani akipiga chafya unamwambia pole. Upande wa pili anakaa Mzee Bedan, Baba Njogu, mtu mkubwa kama mlango, ambaye hufanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate na kulala mchana. Nilimwogopa sana. Kwa hiyo kila Perez alipoanza, nilifungua redio kwa sauti yote ili kilio kisisikike. Mtoto analia, redio inaimba, na mimi katikati nalia pia. Sista wa kliniki alikuwa ameshampima, akasema hana ugonjwa wowote, watoto wengine hulia tu hivyo halafu hupunguza wenyewe. Nilitamani kumwuliza, na mama zao je?

Shemeji yako naye, akitoka karakana, alikuwa anapitia Soko la Burma eti kuonana na watu. Alirudi akinukia nyama choma, mtoto ameshalala, akasema mbona Perez ametulia hivi. Nilikaribia kumpiga na sufuria.

Sasa sikia. Siku moja mchana, redio ikiwa juu kama kawaida, mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Bedan mwenyewe, amevaa fulana, amejitupia blanketi begani, macho mekundu. Nilianza kuomba msamaha kabla hajasalimu. Alinipita, akaizima redio.

"Mama Perez, mimi nimelea watoto watano," akasema. "Mtoto akilia nalala. Hii redio yako ndiyo inaniua."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuzuia machozi. Dada, nilimwambia jambo ambalo hata wewe sikukuandikia. Mchana uleule nilikuwa nimemshika Perez nikahisi mikono yangu inataka kumtikisa ili anyamaze, nikajiogopa. Ndiyo maana nilitaka umchukue. Nilidhani Mzee atanifokea, lakini hakushtuka hata kidogo. Alimpokea mtoto, akamweka kifuani.

"Ukifika hapo, mlaze chali kitandani, utoke nje upumue. Kulia hakumuui mtoto. Halafu gonga kwetu, hata kama nimelala."

Akamwita mkewe, Waringa. Huyo mama aliniambia kwamba kifungua mimba wake Njogu alilia hivyohivyo, naye alikuwa akimlaza na kwenda kulia chooni. Sikuwahi kufikiri kuna mama mwingine aliyefika huko. Aliniamuru nilale, nikalala.

Kesho yake tukiteka maji kwenye mfereji nikagundua kwamba mtaa mzima ulikuwa unasikia kila kitu. Walifikiri tu kwamba sisi ni watu wa kupenda muziki. Sasa wanawake hawa hawaniachi. Huyu anamchukua Perez nifue nepi, yule ananiletea uji, mwingine anakuja kunipigisha soga tu.

Andati aliitwa na Mzee Bedan akaambiwa kwa upole kwamba nyama ya Burma haitakimbia. Siku hizi anakuja moja kwa moja nyumbani, anambeba Perez mgongoni kwa leso yangu, akiwa bado na ovaroli yake ya reli, anazunguka naye nje kati ya nyumba akiimba nyimbo za kanisa. Wanaume walimcheka, lakini hana habari nao. Sauti yake unaijua. Nafikiri mtoto hunyamaza kwa mshangao.

Sikudanganyi, bado analia. Ila jana alasiri Mama Njogu alimchukua, nami nikapata usingizi mzito. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya, kimya kile nilichokuwa nakiomba kila siku. Nilikaa kitandani nikakifurahia kidogo, halafu nikaona nina hamu naye. Nilikimbia kwa jirani bila viatu. Perez aliponiona mlangoni akacheka, na mimi nikamkumbatia.

Kwa hiyo likizo hii njoo, dada yangu, tena uje upesi, lakini usije kumchukua. Njoo umwone. Huyu mtoto simpi mtu.

Nisalimie Mama sana, umwambie shali aliyofuma ndiyo anayolalia Perez. Msalimie na Mjomba Phares na wote wa hapo nyumbani. Mungu akulinde njiani, na barua hii ikukute salama kabla hujaianza safari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nerima
Mama Perez